Kupatwa, Kupatana, Kufunikana

Jua likipatwa, Kiswahili hakisemi limepatwa na nani. Kitenzi kimekaa katika kauli ya kutendwa, mtenda kafichwa, na anayesikia anaachiwa kazi ya kumtafuta. Tarehe 21 Juni 2001, alasiri, kivuli cha mwezi kilipita juu ya Lusaka, na huku Sakania, ng'ambo ya mpaka upande wa Kongo, jua lilibaki kipande. Mwanafunzi wa sekondari hapa ana maneno mawili kwa jambo hilo moja. Darasani, kwa Kifaransa, ni éclipse, neno la Wagiriki ambalo asili yake ni kuacha nafasi, kutotokea pale ulipotarajiwa. Nyumbani ni kupatwa. Kigiriki kinalishitaki jua kwa utoro. Kiswahili kinalihurumia, kwamba kuna kitu kimelikamata. Waislamu wa pwani wana la tatu, kusufi, nalo lina sala yake.

Kwa jua na mwezi, kupatwa kunatosha. Taabu huanza ukilichukua neno hilo ukalipeleka mbali, kwa nyota ambazo hupatwa kila baada ya saa chache, leo, kesho na mwakani, na zinazopatana hazina mnyonge wa kudumu: aliyefunikwa asubuhi ndiye atakayefunika jioni.

Nyota kama hiyo inaonekana Sakania kwa macho matupu. Mji uko karibu nyuzi 12 na robo tatu kusini mwa ikweta, na usiku wa manane mwanzoni mwa Julai, kiangazi kikiwa kimesafisha anga, upinde mdogo wa nyota hupanda upande wa kusini hadi kama nyuzi 65 kutoka upeo wa macho, karibu na mkia wa Nge. Wanaanga wanauita Corona Australis, yaani Taji la Kusini. Nyota zake angavu zimepewa herufi za Kigiriki, na ile inayoitwa Epsilon ndiyo tunayoitaka. Kwa jicho ni nukta moja hafifu. Kwa vipimo ni nyota mbili, umbali wa karibu miaka ya nuru 98 kutoka kwetu, zinazozungukana kwa saa 14 na dakika 12 hivi, na zimesogeleana hata zimegusana. Katika kila mzunguko ya kwanza hupita mbele ya ile ya pili, kisha ya pili mbele ya ile ya kwanza, kwa hiyo mwanga tunaoupata hushuka na kupanda kila baada ya saa saba na dakika chache. Usiku mmoja wa Julai unatosha kuiona ikishuka na kurudi. Na haitulii hata zamu ya kufunikana ikipita, maana nyota zenyewe zimevutwa na mvutano hadi zikarefuka kama yai. Zikitugeuzia ubavu tunaona nuru nyingi, zikitugeuzia ncha tunaona kidogo. Kubadilika kwake kulitangazwa Afrika Kusini mwaka 1950 na Cousins na Cox. Huyo Cousins alikuwa mhandisi wa umeme kabla ya kuhamia kwenye nyota, jambo linalonifurahisha, kwa sababu mhandisi wa umeme ndiye anayejua maana ya mwanga unaoshuka.

Sasa tuiite nini?

Kitabu cha fizikia cha shule za Kongo kitasema binaire à éclipses. Kwa Kiswahili wengine huandika nyota maradufu. Sina ugomvi mkubwa na maradufu, ila ni neno la hesabu na la bei: mafuta yamepanda maradufu, mshahara haukupanda. Linasema kitu kimezidi mara mbili, halisemi kwamba vitu viwili vinaishi pamoja. Wengine huandika nyota pacha. Hili lina damu zaidi, tena lina ukweli ndani yake, kwa kuwa nyota nyingi za namna hii hudhaniwa kuzaliwa pamoja katika wingu moja la gesi. Lakini pacha la pwani likifika Katanga linakuta nyumba ina wenyewe. Hapa Waswahili wa Lubumbashi husema mapasa, na mapasa wa Waluba wa Katanga wana majina yao tayari, Kyungu na Kabange. Ukija Sakania, mahali ambapo Kibemba na Kilamba vinasikika sokoni sawa na Kiswahili, pacha ni Mpundu, na mtoto anayezaliwa nyuma ya mapacha huitwa Chola. Naomba wanaanga wamwazime huyo Chola. Jozi nyingi za karibu zina nyota ya tatu inayozunguka kwa mbali, na Algol, jozi mashuhuri kuliko zote, inayo yake, yenye mzunguko wa siku 680 hivi. Vitabu huiita mwili wa tatu, jina kavu la hesabu. Hapa kijiji kizima kinajua jina la anayekuja baada ya mapacha.

Hata hivyo pacha, mapasa na Mpundu yanasimulia kuzaliwa. Sisi tunataka jina la kazi zinazofanya. Kiswahili kikitaka kusema kazi hukimbilia kitenzi na viambishi vyake, na hapa ndipo utajiri ulipo.

Chukua kupata. Ukilitia -w- unapata kupatwa, na jua linaingia. Mtu wa haraka atasema: basi tulitie -an-, kwa kuwa nyota hizi zinapatana zamu kwa zamu. Nimelitumia hivyo juu kidogo makusudi, huenda lilikukwaza. Kupatana limekwisha kuchukuliwa. Waliogombana hupatana, muuzaji na mnunuzi hupatana. Mwambie mama anayeuza mahindi kwenye stesheni ya Sakania kwamba mbinguni kuna nyota zinazopatana, atakuuliza zimepatana bei gani. Lugha haikatai kiambishi. Inakataa kunyang'anya neno maana iliyokwisha kaa.

Nilijaribu na mengine. Kupishana ni la magari barabarani, linasema kila mmoja ameshika upande wake, na halisemi kwamba mmoja anatoweka. Kukingamana ni zuri la kusikia, lakini mti uliokingama njiani hauondoki, nao mchezo huu ni wa kuondoka na kurudi. Kupokezana linaleta zamu, halileti giza. Linalobaki ni kufunikana. Ndani yake mmoja anafunika na mwingine anafunikwa, na kauli ya kutendana haidai vitendo viwili vitokee kwa pigo moja: majirani wanaotembeleana hawatembeleani saa ileile. Kwa hiyo nasema jozi inayofunikana, na nyota moja ndani ya jozi ikiwa nyuma, basi ndiyo imefunikwa. Kupatwa tuliachie jua na mwezi, ambavyo vina historia nalo.

Atakuja mtu kusema kwamba istilahi hutungwa na wataalamu kwenye baraza, wala si mezani kwa mpenda maneno. Mabaraza nayaheshimu. Ila Kiswahili cha Katanga hakikungoja baraza. Kilikuja na misafara ya karne ya 19, kikakuzwa kwenye kambi za Union Minière, kampuni iliyoanzishwa 1906, na kwenye reli iliyofika mpakani hapa Sakania mwishoni mwa 1909 kisha Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka uliofuata. Wafanyakazi walitoka pande zote, wengine Rwanda na Burundi. Mnyarwanda aliyeingia kambini na kusikia nyota alifikiria maji, kwani kwao inyota ni kiu. Mgodi wa kwanza wa kampuni ile kando ya Élisabethville uliitwa Étoile, nyota, kwa hiyo kuna waliosikia kwamba wanakwenda kufanya kazi kwenye nyota na wakatoka huko na vumbi la shaba. Mwaka 1965 André Yav, aliyekuwa mtumishi wa nyumbani wa Wazungu, aliandika historia ya mji huo kwa Kiswahili cha huko, naye akaiita Vocabulaire de ville de Elisabethville. Historia nzima inajitambulisha kama orodha ya maneno. Sijui kichwa cha kitabu kinachonipendeza zaidi ya hicho.

Nirudi kwenye jozi. Mwaka 1955 mwanaanga Zdeněk Kopal alizipanga jozi za karibu kwa kuuliza swali moja: kila nyota imejaza kiasi gani cha eneo lake? Eneo hilo linaitwa kwa jina la Mfaransa Édouard Roche wa Montpellier, aliyefanya hesabu zake katika karne ya 19. Kila nyota katika jozi ina eneo ambamo gesi ni mali yake. Maeneo mawili hukutana kwenye ncha moja kati yao, na gesi ikivuka ncha hiyo inakuwa chini ya mamlaka nyingine. Sakania haihitaji mchoro kuelewa hili. Mpaka ni mrefu, msitu umejaa pande zote mbili, lakini malori ya shaba yanayokwenda Ndola yote yanabanana kwenye kizuizi kimoja.

Aina ya kwanza ya Kopal ni jozi ambayo kila nyota imekaa ndani ya eneo lake bila kulijaza. Usiiite jozi iliyoachana, utakuwa umeipeleka kwa kadhi. Jozi isiyogusana inatosha. Aina ya pili, nyota moja imevimba hadi mpakani na gesi yake inamwagika upande wa pili. Mimi husema jozi inayomwagia, bila -an-, kwa sababu mwagaji ni mmoja na hakuna marejesho. Algol ni ya namna hii. Aina ya tatu, zote mbili zimejaza na kupitiliza, zimevaa gamba moja la gesi. Hapa Kiswahili kina zawadi ambayo Kifaransa hakina. Tuna kiambishi -aman-, kile cha shikamana, fungamana, andamana: vitu viko pamoja na vimetulia katika hali hiyo. Kugusana kunaweza kuwa kwa mara moja, kiwiko kwa kiwiko kwenye basi. Kushikamana kunakaa. Epsilon ya Taji la Kusini ni jozi iliyoshikamana, na ndivyo ilivyo ile iliyoipa jamii hii jina, W Ursae Majoris, iliyogunduliwa Potsdam mwaka 1903, ambayo mzunguko wake ni saa nane tu.

Mwangaza nao una mtego wake. Wanaanga hupima uangavu kwa kipimo kinachokwenda kinyume: namba ikikua, nyota imefifia. Mpango huo ulirithiwa kutoka Ugiriki ya kale, na mwaka 1856 mwanaanga Norman Pogson akaunyoosha kwa kanuni kwamba hatua tano ni sawa na mara 100, hivyo hatua moja ni mara mbili na nusu hivi. Wanaofasiri neno la Kilatini la kipimo hiki huandika ukubwa, na papo hapo mwanafunzi anapotea: nyota ya ukubwa wa sita inakuwaje ndogo kuliko ya ukubwa wa kwanza? Andika daraja, na fumbo limekwisha. Kila aliyepanda treni anajua daraja la kwanza liko juu ya la tatu. Epsilon hutoka daraja la 4.7 na kushuka hadi karibu la 5.0, kisha hurudi. Jirani yake Zeta, katika taji hilohilo, ni ya 4.7 na haisogei, kwa hiyo ndiyo ya kulinganishia. Epsilon ikilingana na Zeta, iko juu. Ikionekana hafifu kuliko Zeta, imefunikwa au inageuza ncha. Tofauti ni ndogo kwa jicho lisilozoea, na kamera ya kawaida juu ya kigoda huiona vizuri zaidi. Agosti na Septemba, moshi wa misitu inayochomwa ukitanda, kulinganisha nyota mbili za jirani ndiyo njia pekee ya haki, maana moshi unazifunika zote kwa kiasi kilekile.

Kazi hii barani kwetu ina babu. Alexander William Roberts alitoka Uskoti mwaka 1883 kwenda kufundisha Lovedale, katika Rasi ya Mashariki, shule ya misheni ya wanafunzi Waafrika. Kuanzia 1891, mchana alifundisha, usiku alilinganisha nyota badilifu za kusini, akaacha vipimo makumi ya maelfu. Kwa kupanga vipimo vya RR Centauri, jozi ya mzunguko wa saa 14 na nusu, mwanzoni mwa karne ya 20 alihoji kwamba nyota zake hazikuwa mviringo, bali zimerefushwa na kugusana. Hakuna aliyekuwa ameiona kwa umbo. Aliisoma katika kushuka na kupanda kwa nuru. Wanafunzi wake Waxhosa waliliita kundi la nyota la Kilimia isiLimela, kitenzi kilekile cha kulima katika ncha mbili za bara. Natamani kujua waliongea nini na mwalimu wao juu ya nyota.

Alichofanya Roberts wataalamu huita ufuatiliaji wa muda mrefu. Ni Kiswahili sahihi, na ni Kiswahili cha ripoti ya mradi. Katika Kongo tunalo kuchunga. Pwani mtu huchunga mbuzi. Huku, zaidi ya mbuzi, huchunga makuta, huchunga ufunguo, humwambia jirani amchungie mtoto hadi arudi. Ndani yake mna kutazama na mna kutunza. Anayepima Epsilon usiku mmoja ameitazama. Anayepima miaka 20 na kuweka daftari ameichunga, kwa sababu daftari lenyewe ni sehemu ya kazi. Bila daftari zote ni hadithi.

Na faida ya daftari ni miadi. Ukishajua mzunguko wa jozi, unaweza kupiga hesabu ya dakika ambayo itafunikana mwaka ujao. Ukakaa, ukapima, ukaona imekuja kabla au baada. Tofauti hiyo, saa iliyoonekana kutoa saa iliyohesabiwa, wanaanga huiandika kwa herufi mbili na alama ya kutoa. Kwa Kiswahili naiita kasoro ya miadi, na Lubumbashi watasema kasoro ya randevu, sawa tu. Ikiwa kasoro inapanda na kushuka kwa mpango, huenda Chola anaivuta jozi, mara karibu nasi mara mbali, na nuru inachelewa njiani. Ikiwa inajipinda upande mmoja mwaka baada ya mwaka, mzunguko wenyewe unabadilika. Beta Lyrae, ambayo kijana kiziwi John Goodricke wa York aligundua kubadilika kwake mwaka 1784, huongeza mzunguko wake wa siku karibu 13 kwa sekunde 19 hivi kila mwaka, kwa sababu nyota moja inammwagia mwenzake. Goodricke huyohuyo ndiye aliyepima mzunguko wa Algol kuwa siku 2, saa 20 na dakika 49, na akadhani kwamba pengine kitu cheusi kinapita mbele yake. Alifariki 1786, akiwa na miaka 21. Algol, jina lenyewe, ni Kiarabu, ra's al-ghul, kichwa cha ghuli, yule zimwi mla watu wa hadithi.

Mizunguko mingine hufupika, na huko kuna hatari ya kweli. V1309 Scorpii ilikuwa jozi iliyoshikamana. Mzunguko wake ulizidi kupungua kwa miaka kadhaa, na mwaka 2008 nyota mbili zikawa moja kwa mlipuko wa nuru. Hayo yalijulikana baadaye kwa sababu mradi mwingine ulikuwa umeichunga anga ile bila kujua. Baada ya hapo, mwaka 2017, wanaanga wa Marekani walitangaza kwamba jozi KIC 9832227 itaungana mwaka 2022. Mwaka uliofuata wenzao wakakagua na kukuta kwamba saa ya tukio moja la 1999 ilikuwa imechapwa vibaya, imekosewa kwa saa 12 kamili. Ukiirekebisha, utabiri unaanguka. Ilipofika 2022 jozi ilikuwa bado jozi.

Saa 12. Mswahili anayesikia hivyo anacheka kidogo, kwani tumezaliwa ndani ya mtego huo. Saa sita ya pwani ni adhuhuri au usiku wa manane, na ya mgeni ni alfajiri au magharibi. Siku yetu ya jadi huanza jua linapozama, usiku wa kuamkia Jumatatu ukiwa ni wa Jumatatu; wanaanga nao, ili wasikate usiku vipande viwili, walichagua siku inayoanza adhuhuri, wakazihesabu mfululizo tangu mwaka 4713 kabla ya Kristo. Kalenda hizo mbili zinakubaliana kuwa usiku ni kitu kimoja kisichokatwa. Ile ya ofisini, inayobadilisha tarehe katikati ya giza, ndiyo inayotuharibia daftari.

Basi mwalimu wa Sakania, wa Mokambo au wa Ndola ng'ambo, ukiamua kuichunga Epsilon kiangazi kijacho, andika kila mara nyota ya kulinganishia, daraja na saa. Lubumbashi na Ndola ziko saa ileile, mbili mbele ya saa ya dunia. Toa mbili, andika saa ya dunia na tarehe yake, na kando yake andika kwa maneno kama ilikuwa kabla au baada ya usiku wa manane. Maneno hayo mawili yangelizuia utabiri wa 2022.